Pampu Ikifa, Nani Anapigiwa Simu? Nadharia za Menejimenti na Maji ya Vijijini

Mwanzoni mwa muongo uliopita Wizara ya Maji ya Tanzania ilituma watu vijijini, na vifaa vya GPS mkononi, wakahesabu vituo vya kuchotea maji kimoja baada ya kingine: pampu za mkono, mabomba ya jumuiya, visima, chemchemi zilizojengewa. Sehemu ya takwimu hizo iliwekwa wazi kwa umma, na wanaojifunza sayansi ya takwimu duniani kote wanaifanyia mazoezi mpaka leo. Ina vituo 59,400. Kati ya hivyo 32,259 vilikuwa vinatoa maji vizuri, 4,317 vilikuwa vinatoa lakini vinahitaji fundi, na 22,824 vilikuwa havitoi hata tone. Yaani katika kila vituo vitano, karibu viwili vilikuwa vimekufa.

Tanzania haikuwa peke yake. Makadirio ya miaka ya 2000 kutoka nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara yalionyesha kwamba siku yoyote ukienda kukagua, pampu ya mkono moja kati ya tatu hivi haifanyi kazi.

Wengi wakisomewa takwimu kama hizi hukimbilia fedha: bajeti ndogo, tuchimbe visima zaidi. Lakini kila kimoja kati ya vile 22,824 kilishalipiwa. Mkandarasi alikuja, akachimba, akafunga, akalipwa, akaondoka. Wengine hukimbilia ufundi: pampu ni mbovu, zije za kisasa. Hilo nalo lilishajaribiwa. Wakati wa Muongo wa Kimataifa wa Maji, 1981 hadi 1990, wahandisi walikaa Malawi na Kenya, Kwale ikiwamo, wakitengeneza pampu ambayo mwanakijiji angeweza kuifungua mwenyewe bila winchi wala gari la serikali. Ikazaliwa Afridev. Fito zake zinanasana kwa ndoano, na karibu kazi yote ya kuifungua inamalizwa na spana moja. Mara nyingi kinachoisha ni mpira mdogo wa pistoni ambao bei yake haitishi.

Tuna pampu inayofunguliwa kwa spana moja, basi, na bado unaikuta imelala tangu masika yaliyopita, mpini umeelekea juu, kuku wamelala kwenye kivuli cha sakafu yake. Kilichokosekana si chuma wala saruji.

Nadharia za menejimenti zilizaliwa viwandani na maofisini, na nyingi zimeandikwa kwa lugha ya kuchosha mno. Nusu yake, kwa maoni yangu, ni mapambo ya semina. Ile nusu nyingine inauliza maswali ambayo mhandisi hafundishwi kuyauliza: kazi hii ni ya nani hasa, atajuaje kwamba mambo yameharibika, analipwa kwa lipi, na asipoifanya nani atagundua? Maji ya vijijini ni mahali pazuri pa kuyajaribu, kwa sababu huko maswali hayo yamejibiwa vibaya kwa namna mbili tofauti kabisa.

Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu Nyerere ilianza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mwanakijiji awe na maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Serikali ijenge, serikali itengeneze, mwananchi achote bure. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, fedha za mafuta, vipuri na posho za mafundi zikakauka, na mwaka 1991 ulipofika lengo lilikuwa bado mbali. Sera ikageuka. Sera ya maji ya mwaka 2002 ilimkabidhi mwanakijiji mradi: ni wenu, uendeshaji na matengenezo mtalipia wenyewe. Jukumu likatoka kwa mhandisi aliyekuwa mbali na kisima likaangukia kamati ya watu saba wenye daftari moja na kalamu.

Kamati hizo zinaelezwa vizuri na makala ya mwaka 1983 ya Paul DiMaggio na Walter Powell, wanasosholojia wa Marekani. Wao walitaka kujua kwa nini taasisi zinazofanya kazi tofauti huishia kufanana sura. Jibu lao: taasisi huvaa umbo fulani ili zikubalike kwa wanaozipa fedha na uhalali, hata kama umbo hilo haliongezi ufanisi wowote. Baadaye watafiti watatu waliokuwa wakifanya kazi Chuo Kikuu cha Harvard, Matt Andrews, Lant Pritchett na Michael Woolcock, wakalichukua wazo hilo na kuliingiza katika serikali za nchi zinazoendelea: chombo kinaweza kuwa na sura yote ya chombo kinachofanya kazi, na kazi isiwepo.

Sasa itazame kamati ya maji. Ina mwenyekiti, katibu na mhazini. Wanawake ni nusu, kama mwongozo unavyotaka. Ina katiba iliyochapwa, muhuri, na akaunti ya benki iliyofunguliwa makao makuu ya wilaya, ambako nauli ya kwenda na kurudi inakula michango ya kaya kadhaa. Ilichaguliwa mkutanoni wiki moja kabla ya mradi kukabidhiwa, kwa sababu mradi bila kamati haukabidhiwi. Hakuna aliyedanganya hapo. Kila aliyehusika alitimiza alichotakiwa kutimiza, na karatasi zote zimo kwenye faili. Kilichosahaulika ni kumuuliza mhazini atafanya nini siku fito itakapokatika na kudondoka futi mia chini.

Mwaka 1975 Steven Kerr alichapisha makala ambayo wanafunzi wa menejimenti wanasomeshwa mpaka leo, kuhusu upumbavu wa kumtuza mtu kwa jambo hili huku ukitarajia afanye lile. Unataka maji yatoke miaka kumi, lakini unachopongeza ni ujenzi. Mradi mpya una jiwe la msingi, una utepe, una mgeni rasmi. Mwenge wa Uhuru unaweza kupita kuuzindua na picha ikatoka gazetini. Mpira wa pistoni ukibadilishwa Jumanne asubuhi, hakuna mwandishi wa habari. Mbunge anayetetea kiti chake anajua hivyo. Mfadhili anayeandika ripoti ya mwisho wa mwaka anajua zaidi.

Hata mifumo iliyobuniwa kuongeza uwajibikaji inaweza kunasa hapo. Mwaka 2013 Tanzania iliazima kutoka Malaysia mfumo wa Matokeo Makubwa Sasa, maji yakiwa kati ya sekta sita za kuanzia. Chimbuko la mifumo ya aina hiyo liko London, kwenye kitengo cha utekelezaji kilichoanzishwa ofisini kwa Tony Blair, waziri mkuu wa Uingereza, mwaka 2001: malengo machache, takwimu za mara kwa mara, na mtu wa kumripotia mkuu wa nchi bila kupitia ngazi kumi. Wazo zuri. Udhaifu wake ni kwamba saa inapokimbia, wakubwa hushika kinachohesabika kabla ya mwaka kuisha. Kituo kipya kinahesabika. Kituo cha zamani ambacho hakikufa hakimo kwenye orodha ya mafanikio ya mtu yeyote. Miradi ya baadaye imejaribu kulirekebisha hilo: katika programu ya maji vijijini iliyopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2018, sehemu ya fedha hutoka baada ya matokeo kuhakikiwa, na mojawapo ya matokeo hayo ni maji kuendelea kutoka.

Kulikuwa pia na tatizo la mabwana wawili. Wachumi wana nadharia kuhusu mtu anayemtuma mwenzake kazi bila kuweza kumwona akiifanya. Mtumwaji anajua mambo ambayo mtumaji hayajui, na ana maslahi yake. Watumaji wakiwa wawili, mambo yanaharibika zaidi. Mhandisi wa maji wa wilaya alikuwa mtumishi wa halmashauri, chini ya mkurugenzi na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, huku fedha nyingi za miradi na miongozo ya kitaalamu vikitoka Wizara ya Maji. Akibanwa huku alikuwa na uhuru wa kuonyesha kidole kule. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, ikawakusanya wahandisi hao chini ya paa moja. Maji hayakuanza kutoka siku hiyo. Ila sasa mkuu wa wilaya akiuliza kwa nini kijiji fulani hakina maji, jina la wa kujibu linajulikana.

Turudi kijijini, kwa sababu jukumu likishakuwa wazi juu bado kuna kaya sitini zinazochota kwenye mpini mmoja.

Mwaka 1968 Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Marekani, aliandika kwamba malisho ya wote lazima yaharibike: kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja, faida yake, hasara ya wote. Dawa zilizotajwa baada ya hapo zilikuwa mbili, ubinafsishaji au serikali. Elinor Ostrom hakuridhika. Utafiti wake wa shahada ya uzamivu, aliomaliza mwaka 1965, ulihusu maji ya ardhini karibu na Los Angeles, ambako visima vilivutwa kupita kiasi hadi maji ya bahari yakaanza kuingia. Alichokiona ni watumiaji waliokaa, wakagombana, wakaenda mahakamani, wakakubaliana viwango na kuajiri mtu wa kuvisimamia. Akatumia miaka mingi kukusanya mifano kama hiyo, ya malisho ya milimani Uswisi, mifereji ya Valencia huko Hispania, wavuvi wa Uturuki, na pia mifano ya walioshindwa. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi, ilhali taaluma yake ilikuwa sayansi ya siasa.

Hakusema kwamba wanakijiji wakiachwa peke yao wataweza. Watu wengi humnukuu hivyo, na ndivyo sera za kukabidhi miradi zilivyotetewa. Alisema wanaofaulu wana mambo fulani yanayofanana, akayataja manane. Baadhi ni haya. Mipaka inajulikana: nani ni mchotaji halali wa kisima hiki na nani si halali. Kanuni zinatungwa na wanaozifuata. Kuna mtu anayeangalia, na anayeangalia anawajibika kwa watumiaji. Adhabu inaanza ndogo: mara ya kwanza anaonywa, mara ya pili anatozwa kidogo, hafungiwi maji siku hiyohiyo. Magomvi yana mahali pa karibu na rahisi pa kumalizwa. Serikali haiwavunjii kanuni zao.

Jambo la nane ndilo linalorukwa, nalo kwa pampu ni la kufa na kupona: mambo makubwa yanapangwa kwa ngazi. Kijiji kinaweza kupanga zamu ya foleni, kufagia sakafu, kuzuia ng'ombe wasikanyage na kukusanya ada. Hakiwezi kuweka stoo ya vipuri. Hakiwezi kuajiri fundi mwenye uzoefu kwa ajili ya pampu inayoharibika vibaya mara moja kwa miaka kadhaa. Ngazi ya juu yake ndiyo inayoweza, kama ipo.

Chukua hesabu ya mfano. Kisima kina kaya 60, kila moja inatakiwa kutoa shilingi 1,000 kwa mwezi. Tuseme nusu wanatoa: 360,000 kwa mwaka. Tuseme pia kwamba kwa wastani mara moja kila miaka mitano kunatokea uharibifu mkubwa wa shilingi 1,500,000. Kwa wastani fedha inatosha, maana miaka mitano inaleta 1,800,000. Lakini pampu haiharibiki kwa wastani. Ikikatika mwishoni mwa mwaka wa pili, mfukoni kuna 720,000 na pengo la 780,000. Watu wanarudi mtoni, ada inasimama, na kamati inakufa kabla ya pampu kufufuka. Isipoharibika mpaka mwaka wa nne, mhazini amekaa na fedha nyingi zisizo na kazi, msiba umetokea, mbio za mikopo zimeanza, na maneno yanaanza. Sasa unganisha visima 100 vya namna hiyo. Makusanyo ni milioni 36 kwa mwaka, matukio makubwa yatakuwa kama 20 hivi, gharama yake milioni 30. Bahati mbaya ya kijiji kimoja imegeuka bajeti ya wilaya inayoweza kupangwa. Mishahara ya mafundi sijaiweka humo, na tutaona kwamba ndiyo inayosumbua.

Hili si la kufikirika tu. Mwaka 2013, Kyuso, kaunti ya Kitui nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga ndani ya mipini ya pampu za mkono vifaa vidogo vinavyohisi mpini unavyopanda na kushuka, kisha vinatuma hesabu hiyo kwa ujumbe mfupi wa simu. Pampu ikinyamaza, ofisi inajua bila kusubiri mtu apande bodaboda kwenda kulalamika. Kulikuwa na timu ya mafundi wa kuitikia. Kabla ya hapo ukarabati ulichukua wastani wa siku 27. Baada ya hapo ukashuka chini ya siku tatu. Na utayari wa watu kulipa ukapanda mara tano hivi.

Waliosoma habari hiyo wengi walishangilia kifaa. Mimi naona kifaa kilikuwa sehemu ndogo. Katika viwanda vya Toyota kuna kamba ya andon: mfanyakazi akiona kasoro anaivuta, taa inawaka, na kiongozi wa timu anafika pale alipo. Bila yule anayefika, kamba ni uzi tu. Kitui kulikuwa na kamba na kulikuwa na anayefika, na aliyefika alikuwa na vipuri mkononi. Kampuni ya matengenezo iliyotokana na jaribio hilo, FundiFix, ikaendelea Kitui na Kwale kwa mikataba: kijiji kinalipa ada ndogo ya kila mwezi na kampuni inaahidi muda wa kurudisha maji. Hapo mambo kadhaa yamekutana. Jukumu lina mwenyewe, hatari imegawanywa kwa visima vingi, kinacholipiwa ni maji kutoka badala ya bomba kujengwa, na aliyechelewa anaonekana kwenye takwimu.

Kukutana huko si mapambo. Utafiti uliofanyika katika shule za msingi 350 za Tanzania mwaka 2013 na 2014, chini ya programu ya KiuFunza ya shirika la Twaweza, ulipima jambo la karibu na hili. Shule nyingine zilipewa fedha za ruzuku kwa kila mwanafunzi, nyingine walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu mtihani wa kusoma na kuhesabu, nyingine zikapewa vyote viwili. Ruzuku peke yake haikubadilisha alama za watoto. Bonasi peke yake ilileta matokeo ya kusuasua. Vyote kwa pamoja vikainua alama kuliko jumla ya kimoja kimoja. Mabishano yetu ya kila bajeti, wale wanaosema ongeza fedha na wale wanaosema bana watendaji, yanaonekana ya kipuuzi kidogo ukishasoma matokeo hayo.

Nadharia zina mahali zinapogota. Kwale mvua zikinyesha watu huacha pampu. Kuna madimbwi, kuna maji ya bati, kuna kisima cha jirani kisicho na ada, na kama maji ya pampu yana chumvi ndiyo kabisa. Ada ya kila mwezi inaonekana dhuluma kwa mtu ambaye mwezi mzima hajagusa mpini, huku mafundi wakihitaji mshahara Aprili kama Septemba. Ukitoza kwa dumu badala ya mwezi, mapato yanaporomoka kila masika. Ukitoza kwa mwezi, unagombana. Sijaona nadharia inayomaliza ugomvi huo. Kinachoweza kufanyika ni kila eneo kujaribu, kupima na kurekebisha kwa muda mfupi, jambo ambalo mikataba ya miradi yenye bajeti iliyofungwa kwa miaka mitano hailipendi.

Mita za malipo ya kabla, ambazo sasa zimefungwa katika baadhi ya vijiji vya Tanzania, zina ugumu wa aina yake. Mchotaji anagusisha kitufe chenye salio, maji yanatoka, fedha inaenda moja kwa moja kwenye akaunti. Tatizo la fedha kupotea kati ya ndoo na benki limekwisha, na kwa mhasibu huo ni ushindi. Lakini yule mama aliyekuwa anakaa kichoteoni akikusanya sarafu alikuwa pia anajua ni bibi yupi achote bure na nani alipe mwisho wa mwezi akiuza mahindi. Mita haijui. Ostrom angeuliza kanuni hiyo imetungwa na nani.

Kisha kuna ile mishahara. Michango ya wanakijiji huko Kitui na Kwale haikutosha kubeba gharama zote za huduma, hata pale ilipolipwa vizuri, na pengo likazibwa na mfuko wa udhamini unaoilipa kampuni kulingana na kazi iliyofanya. Mjini hatushangai mfumo wa maji ukijengwa kwa kodi ya wote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaja haki ya maji safi katika kifungu cha 43 na kuzikabidhi serikali za kaunti huduma hiyo, na sheria ya Tanzania sasa ina wakala mzima kwa ajili ya vijiji. Fedha za kuchimba kisima kipya zina fungu lake kwenye bajeti na mkutano wa kulitetea. Fungu la kumlipa fundi ili kisima cha zamani kisife bado linatafutiwa mahali pa kuandikwa, na anayeliandaa anapaswa kueleza mbele ya madiwani kwa nini anaomba fedha kwa ajili ya kitu ambacho hakijaharibika.